Uwanja wa gofu unaoonekana haujatengenezwa: mbunifu amelipwa kwa kazi gani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana, mpima ardhi, niko Iringa. Mwaka 2024 niliangalia mashindano makubwa ya gofu ya US Open kwenye runinga, ikichezwa Pinehurst kule Marekani, nikashangaa. Pembeni ya ile njia ya nyasi fupi kulikuwa na mchanga mtupu na vishada vya majani makavu, kama shamba lililotelekezwa. Mtangazaji akasema uwanja umerudishwa kwenye asili yake, na kwamba wabunifu wa siku hizi wanaifuata ardhi ilivyo. Kama ardhi inaachwa ilivyo, mbunifu analipwa kwa kazi gani? Nauliza pia kwa sababu kuna kikundi huku kwetu kina eneo la vilima na kinataka uwanja wa mashimo tisa. Mkandarasi amewaambia hatua ya kwanza ni kusawazisha vilima vyote. Wameniomba nikawapimie. Niwaambie nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba swali hili limetoka kwa mpima ardhi, kwa sababu katika kazi yetu ya viwanja vya gofu makosa makubwa huzaliwa kwenye ramani, wiki nyingi kabla katapila halijawashwa. Nitaanzia hapo Pinehurst ulipopaona, nipite Uskoti na jimbo la Nebraska kulekule Marekani, kisha nirudi kwenye vilima vyenu.

Uwanja ule ni Pinehurst Namba 2, jimbo la North Carolina, kwenye ukanda wa mchanga wenye misonobari. Aliubuni Donald Ross, Mskoti aliyehamia Marekani. Ulifunguliwa mwaka 1907, na kwa kuwa Ross alikuwa akiishi papo hapo, aliendelea kuurekebisha mpaka alipofariki mwaka 1948. Baada yake walikuja watu wenye nia njema. Huyu aliongeza nyasi kidogo, yule bomba kidogo, mwingine mbolea, mpaka mchanga wote ukafunikwa na uwanja ukawa zulia la kijani kutoka msonobari huu hadi ule. Kwenye picha ulipendeza. Ila mchezaji aliyekosea njia alikuta mpira wake kwenye majani marefu ya aina ileile kila mahali, na dawa ikawa ileile: shika fimbo fupi, chomoa mpira, rudi njiani. Mchezo uliokuwa ukimuuliza mtu maswali mengi ukabaki na swali moja.

Mwaka 2010 wabunifu wawili, Bill Coore na Ben Crenshaw, wakapewa kazi ya kuurudisha. Sasa sikiliza jinsi walivyofanya, maana hapa ndipo fani yako inapoingia. Walikuwa na picha za angani za mwaka 1943 zinazoonyesha kingo za fewei (ndiyo ile njia ya nyasi fupi unayoisema). Na chini ya ardhi kulikuwa na bomba la zamani la umwagiliaji, mstari mmoja katikati ya kila fewei. Bomba hilo likawa shahidi wao. Palipopita bomba ndipo ilipokuwa katikati ya njia ya Ross, na maji yalipoishia kulia na kushoto ndipo nyasi za kijani zilipoishia. Ndiyo maana kingo za zamani hazikuwa zimenyooka kama za bustani ya hoteli. Ziliyumba kwa jinsi maji yalivyofika na udongo ulivyoyapokea. Waliondoa zaidi ya hekta 14 za nyasi, wakaacha mchanga na majani ya asili ya misitu ile. Vichwa vya kunyunyizia maji vikapungua kutoka 1,150 hadi 450. Hilo ulilodhani ni shamba lililotelekezwa ni kazi ya watu waliokwenda taratibu kwa magoti, wakitafuta mahali uwanja ulipokuwa umezikwa.

Uliangalia shimo la mwisho siku ile ya Jumapili? Bryson DeChambeau alipiga mpira ukaenda kushoto, ukalala kwenye ule mchanga karibu na mti, na mzizi mbele yake. Hakuweza hata kuvuta fimbo nyuma vizuri. Akausukuma mpira mbele ukaingia kwenye banka, shimo la mchanga, kama mita 50 kutoka kwenye bendera. Kutoka hapo akaupiga ukasimama hatua chache na kikombe, kile kitundu mpira unapotakiwa kuingia, akaushinda mchezo kwa mkwaju mmoja mbele ya Rory McIlroy. Kwenye zulia la kijani la miaka ya nyuma tusingeona hayo. Katika mchanga wenye vishada hakuna mipira miwili inayolala sawa, na hapo ndipo mchezaji anapotakiwa kufikiri.

Nikuambie na jambo litakalokufurahisha kama mtu wa huku. Nyasi za fewei za Pinehurst ni jamii ya ukoka. Ndiyo, ukoka huohuo ambao mama zetu wameung'oa kwa jembe miaka yote na ukarudi baada ya wiki mbili. Wamarekani wanauita nyasi za Bermuda, lakini asili yake ni pande zetu hizi za dunia. Na Riviera, uwanja maarufu wa Los Angeles, unachezwa juu ya nyasi za kikuyu, zilizobeba jina la watu wa nyanda za juu za Kenya. Mtu akikwambia gofu ya kweli inahitaji mbegu kutoka ng'ambo, mkumbushe hayo.

Sasa asili ya wazo lenyewe. Coore na Crenshaw hawakulianzisha. Gofu ilikua yenyewe kwenye pwani za Uskoti, kwenye vipande vya mchanga kati ya bahari na mashamba. Ardhi ile haikumfaa mkulima: mchanga mtupu, upepo wa chumvi, majani mafupi magumu. Ikabaki ya watu wote, ya kondoo, ya sungura, na ya kucheza. Mwaka 1457 bunge la Uskoti lilipiga marufuku gofu kwa kuwa iliwafanya vijana waache mazoezi ya upinde, kwa hiyo unaweza kupima mchezo huo una umri gani. Pale St Andrews, kwenye uwanja wanaouita Old Course, hakuna mtu anayeweza kusema fulani ndiye aliyeubuni. Watu walipiga mpira mahali ardhi ilipowaruhusu. Mwaka 1764 mzunguko wa mashimo 22 ulipunguzwa ukawa 18, na dunia nzima ikafuata hesabu hiyo. Mpaka leo kuna grini (ile sehemu ya nyasi fupi kabisa inayozunguka kikombe) saba kubwa ambazo kila moja ina vikombe viwili, kimoja cha wanaokwenda na kimoja cha wanaorudi, na ukijumlisha namba za mashimo yanayoshirikiana unapata 18 kila mara. Yale mashimo ya mchanga, kwa simulizi za wenyeji, yalianza mahali kondoo walipojibanza kukwepa upepo wakakwangua nyasi, kisha upepo wenyewe ukamalizia kuchimba.

Mtunzaji mashuhuri wa uwanja huo alikuwa Tom Morris, wanayemwita Old Tom. Mwaka 1891 alivuka hadi kisiwa cha South Uist, magharibi kabisa ya Uskoti, akapanga mashimo 18 kwenye vilima vya mchanga vya Askernish. Kupanga kwenyewe kulikuwa kutembea, kutazama na kupiga vigingi. Baadaye sehemu kubwa ya uwanja ule ilisahaulika, nyasi zikafunika, ng'ombe wakaendelea kula. Mwaka 2005 mtaalamu wa nyasi alifika kisiwani, akaanza kuutafuta pamoja na wenyeji. Hebu jiweke mahali pao: huna ramani, huna kigingi kilichobaki, una vilima tu. Walichofanya ni kusimama na kujiuliza, kama ningekuwa Old Tom, bila mashine, grini ningeiweka wapi? Na ardhi ikawa inawajibu, kwa sababu sehemu tambarare iliyokingwa na upepo, yenye mteremko mdogo wa kutoa maji, hazipo nyingi. Mwaka 2008 uwanja ulifunguliwa tena. Kazi kubwa ilikuwa kufyeka. Wakati wa baridi ng'ombe na kondoo bado wanachungwa pale.

Sijui kama unaona uzito wa jambo hilo. Uwanja ulikaa bila kuchezwa miaka mingi, na ulipotafutwa ulikuwa bado upo, kwa sababu aliyeupanga hakuwa ameweka kitu ambacho ardhi haikuwa nacho tayari.

Mtu aliyeliweka wazo hili kwenye maandishi kwa nguvu zaidi alikuwa Alister MacKenzie, daktari. Alihudumu na jeshi la Uingereza katika vita ya Makaburu huku Afrika Kusini, na kilichomshangaza kule ni mahandaki ya Makaburu. Mtu angeweza kutembea akayakaribia kabisa asiyaone, kwa sababu hayakuwa na kingo zilizonyooka wala kifusi kilichorundikwa. Aliyabeba mafunzo hayo kwenye ubunifu wa viwanja. Mwaka 1920 aliandika kanuni zake 13, na mojawapo inasema kitu kilichotengenezwa kifanane na asili kiasi kwamba mgeni asiweze kukitofautisha. Aliyeshika kanuni hiyo hawezi kusema mbunifu hafanyi kazi. Anafanya, kisha anafuta nyayo zake.

Halafu zikaja mashine. Baada ya vita kuu ya pili, makatapila yalikuwa mengi na mafuta hayakuwa ghali, na wabunifu wakagundua kwamba hawahitaji tena kuiomba ardhi ruhusa. Mfano wa juu kabisa ni Shadow Creek, Las Vegas, ulioandaliwa na Tom Fazio mwishoni mwa miaka ya 1980. Jangwa tambarare lilichimbwa, likarundikwa, likapandwa maelfu ya miti, likawekewa vijito. Udongo uliosogezwa ulizidi mita za ujazo milioni mbili. Kwa tipa la mita kumi hiyo ni safari laki mbili. Siudharau uwanja ule. Ni ufundi mkubwa, na mahali pale hapakuwa na kitu cha kufuata. Tatizo lilikuwa kwa waliouiga mahali palipokuwa na kila kitu. Vilima vizuri vilisawazishwa ili vijengwe vilima vya bandia, vyote vikiwa na umbo la maandazi.

Sasa twende Nebraska, kwa sababu hapo ndipo jibu la swali lako la kwanza lilipo.

Katikati ya jimbo hilo kuna bahari ya vilima vya mchanga vilivyoshikwa na nyasi, eneo kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda au Burundi. Bahari yenyewe haionekani kwa mamia ya kilomita. Kuna ng'ombe, upepo na mbingu. Karibu na mji mdogo wa Mullen, mfanyabiashara Dick Youngscap alipata ardhi akawaita haohao Coore na Crenshaw. Walikuja, wakatembea. Wakarudi tena, wakatembea tena. Ilikwenda hivyo kwa muda wa kama miaka miwili. Kila walipoona sehemu inayojieleza, hapa mtu anasimama kupiga, pale mpira unatua, kule grini inakaa, walichora mstari kwenye ramani. Walipohesabu, walikuwa na mashimo zaidi ya 130 ambayo ardhi ilikuwa imeyatengeneza tayari. Ramani ilikuwa imejaa mistari inayokatana kila upande kama mchoro wa nyota.

Kazi yao ilikuwa kuchagua 18.

Ukifikiri ni rahisi, jaribu. Shimo zuri kabisa linaweza kuwa linaelekea mahali ambapo baada yake huna pa kwenda. Mawili mazuri yanaweza kuwa yanatumia bonde moja. Unataka upepo usikupige usoni mfululizo kwa mashimo sita. Unataka grini ya shimo hili iwe hatua chache na tii ya shimo linalofuata, ile sehemu ya kuanzia, ili mtu atembee asihitaji kigari. Na lazima mwishoni urudi ulikoanzia. Kila ukichagua moja unaua mengine kumi, na mengine kati ya hayo kumi yanakuuma moyoni. Wakati huo hakuna udongo uliosogezwa hata ndoo moja, lakini uwanja tayari umeshaamuliwa kuwa mzuri au mbaya.

Uwanja huo, Sand Hills, ulifunguliwa mwaka 1995. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, Crenshaw alikuwa ameshinda mashindano ya Masters kwa mara ya pili, siku chache baada ya kumzika mwalimu wake. Udongo uliosogezwa kwa uwanja mzima ulikuwa mita za ujazo elfu chache tu. Linganisha na zile milioni mbili. Mabanka mengi yalikuwepo tayari. Ni matundu yaliyochimbwa na upepo kwenye ubavu wa vilima, yenye kingo zilizochanika. Grini zilikaa juu ya mchanga uleule wa asili, kwa sababu mchanga ule unapitisha maji wenyewe. Kwa kawaida, ukifuata maelekezo ya chama cha gofu cha Marekani, chini ya grini unaweka mabomba, kisha kokoto sentimita 10, kisha mchanga maalumu sentimita 30, na hiyo ndiyo mojawapo ya gharama kubwa kuliko zote. Pale ardhi ilikuwa imelipa gharama hiyo zamani.

Mfano mwingine mfupi. Tom Doak, ambaye ujanani alibeba mifuko ya wachezaji pale St Andrews, alibuni Pacific Dunes katika pwani ya Oregon, ukafunguliwa mwaka 2001. Kanuni ya mazoea inasema nusu ya pili iwe na mashimo mafupi mawili ya mikwaju mitatu (ndiyo mikwaju anayotarajiwa kutumia mchezaji mzuri), marefu mawili ya mikwaju mitano, na yaliyobaki ya mikwaju minne. Doak alikuta ardhi haitaki. Nusu ya pili ya Pacific Dunes ina mafupi manne, marefu matatu, na ya mikwaju minne mawili tu. Tena la 10 na la 11 ni mafupi yote mawili, mfululizo. Angeweza kukata genge moja akaipata hesabu ya vitabu. Aliiacha hesabu akalichukua genge. MacKenzie naye alifanya vivyo hivyo pale Cypress Point, California, mwaka 1928, akaweka mashimo mafupi mawili mfululizo, la 15 na la 16, kwa kuwa miamba na bahari vilitaka hivyo. Hakuna mchezaji aliyewahi kulalamikia hesabu akiwa amesimama pale juu ya maji.

Lakini nisikupe picha ya upande mmoja. Karibu viwanja vyote nilivyovitaja kwa kufuata ardhi viko juu ya mchanga, na mchanga unasamehe mengi. Kwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi, mtu anayesema "mimi nafuata asili tu" kisha akapanda nyasi juu ya ardhi ilivyo, atakuwa na uwanja wa matope kila masika na wa nyufa kila kiangazi. Huko udongo utausogeza, mifereji utachimba, na grini utazinyanyua kidogo. Siku hizi pia wapo wanaochana kingo za mabanka ili zionekane za kale, huku nyuma yake wamehamisha mlima mzima. Kingo zilizochanika ni mapambo. Uliza kwanza maji yanapita wapi.

Hilo nililijifunza kwa uchungu. Nilipokuwa bado msaidizi, tulijenga uwanja mmoja, sitautaja, kwenye mteremko mpole wenye kigongo kidogo katikati. Kigongo chenyewe hakikuzidi kimo cha mtu. Kilikuwa kinamziba mchezaji asione bendera ya shimo la saba, na mwenye mali hakukipenda. Opereta alikikata kwa siku moja na nusu, ardhi ikawa laini kama mkeka, tukapiga picha. Masika ilipoingia nilikwenda asubuhi nikakuta fewei ya saba imekuwa bwawa. Bata wa porini walikuwa wanaogelea. Nilipanda juu ya mteremko na mwavuli wangu, nikasimama saa nzima nikitazama maji yanavyoshuka, na ndipo nikaelewa: kigongo kile kilikuwa kinayagawa maji mafungu mawili, fungu moja bonde la kushoto, fungu la pili bonde la kulia. Kilikuwa kinafanya kazi hiyo tangu kabla ya babu zetu. Tulikiondoa, maji yote yakaja mahali pamoja. Tulichimba mitaro, tukafukia mabomba, tukachimbua tena. Fedha iliyotumika kuziba kosa ingeweza kujenga grini tatu. Na kwenye ramani ya awali kigongo kilikuwepo, wazi kabisa, mistari miwili ya mwinuko imejikunja kama kiwiko. Hakuna aliyeisoma.

Basi turudi Iringa. Waambie wenzako wasimruhusu mkandarasi alete mashine kabla hujawapa ramani, na ramani hiyo usiifanye ya kawaida. Kwa mashimo tisa wanahitaji kama hekta 25 hadi 30. Eneo zima lipime kwa mistari ya mwinuko ya mita moja moja. Palipo na dalili ya kukaa grini, pima kwa nusu mita au chini ya hapo, maana grini ni mchezo wa sentimita. Mahali kikombe kinapokaa mteremko usizidi asilimia mbili au tatu, la sivyo mpira hautasimama. Ukipungua sana nao, maji hayatatoka.

Kisha weka kwenye ramani vitu ambavyo wapimaji wengi huviruka. Kila kichuguu kikubwa. Kila mti wenye kivuli cha maana. Chemchemi, hata zile za msimu. Njia za ng'ombe, na hizi ninazikazia: ng'ombe hapandi mahali pagumu bila sababu, kwa hiyo njia yake ndiyo mteremko rahisi kuliko wote, na mara nyingi ndiyo njia ambayo mchezaji atatembea bila kuchoka. Njia za watu vilevile, za kwenda kisimani na shuleni. Hizo msizizibe. Shimo linaweza kusogezwa. Njia ya watoto wa shule ina haki ya kukaa.

Ukishamaliza, tafuta kwanza mahali pa grini, usianze na mahali pa kuanzia. Nafasi ya kusimama kupiga mpira utaipata karibu popote. Kikalio cha grini chenye mgongo nyuma yake au mteremko unaoupokea mpira kutoka ubavuni ni nadra. Weka alama 20, hata 30, halafu uziunganishe. Angalia jua pia, maana watu wenu watacheza asubuhi kabla ya kazi na jioni baada yake. Shimo la kwanza lisielekee mashariki, na la mwisho lisielekee magharibi.

Udongo utakaosogezwa uwe wa grini, tii na mitaro, basi. Kabla ya kugusa, waondoe ule udongo wa juu, sentimita 15 hadi 20, waurundike pembeni, waurudishe mwishoni; ndani yake ndimo uhai ulimo. Na wakinyanyua grini, kifusi kisiishie ghafla kama kingo ya tuta la viazi. Kivutwe mbali, mita 15 au 20 ikibidi, mpaka uiname uangalie kwa jicho lililo usawa wa nyasi usijue kipya kilianzia wapi. Hapo ndipo utamjua opereta. Mzuri hushuka kwenye mashine kila baada ya muda, anarudi nyuma hatua 30, anatazama, anapanda tena. Mkipata wa namna hiyo mlipeni vizuri.

Nyasi msiagize mbali. Ukoka mnao, na kwa mwinuko wenu kikuyu nayo itashika fewei bila kubembelezwa, ila mjue inataka kukatwa mara kwa mara. Kama fedha ya grini za nyasi haitoshi mwanzoni, anzeni na za mchanga. Vilabu vingi vidogo vya Afrika Mashariki vilicheza miaka mingi kwenye mchanga uliochanganywa na oili chafu, tukiziita "brauni". Pinehurst yenyewe ilikuwa na grini za mchanga mpaka mwaka 1935. Msitie oili tu. Itashuka kwenye udongo na kwenye maji ya majirani. Mchanga uliochekechwa, ukamwagiwa maji na kupigwa rola, unatosha kwa miaka ya mwanzo.

Kuhusu mkandarasi, usigombane naye. Mpeleke shambani pamoja na wenye kikundi, wakati mvua inanyesha, mwonyesheni maji. Kama bado anataka kusawazisha kila kilima baada ya kuyaona, mtafute mwingine.

Mvua zenu huanza kuelekea Desemba. Kabla hazijaanza, piga vigingi kwenye kila kikalio cha grini ulichokipata, vipake rangi nyekundu, uviandike namba na kimo. Mwezi wa Aprili pita navyo kimoja kimoja ukiwa na daftari, uandike kipi kilisimama kwenye maji, kipi kilizolewa, na kipi kina majani makavu chini yake. Nitumie daftari hilo pamoja na ramani, tuanze kuchagua.